Kitako

Nyamizi aliileta imefungwa kanga,
akailaza mezani kwangu, hapa Igogo,
kati ya mlango usio na bawaba
na jeneza la fundi cherehani, ambalo ndugu zake
walikuwa bado wanachangishana.
Kibali cha polisi kilikuwa na mihuri miwili.
Komeo halipo. Mtutu umezibwa
kwa risasi iliyoyeyushwa, risasi isiyotoka.
"Haiui tena," alisema. "Wewe iunge tu."

Ufa ulianzia shingoni, pale kidole gumba kinapopanda,
ukafuata nyuzi za mti
hadi karibu na bamba la chuma lenye mwaka 1916.
Mtu mmoja, zamani, aliujaza lami.
Mwingine alipiga msumari wa inchi mbili.
Mwingine aliuzungushia waya wa shaba
akachoka katikati.
Nilianza kwa kuziondoa huruma zao:
lami kwa kisu cha moto,
msumari kwa koleo na matusi.

"Ilivunjikia vita gani?"
"Vita! Baba alikuwa mlinzi wa kinu cha pamba.
Aligongea kigingi cha mbuzi."

Gundi ya dukani hukauka kama kioo.
Mimi nachemsha bondo.
Siku hizi mabondo ya sangara yana bei ya dhahabu,
yanapanda ndege, sisi tunabaki na vichwa;
lakini Bwire wa mwaloni Kirumba
huniwekea lile lililochanika,
ambalo mnunuzi amelisukuma pembeni kwa kidole kimoja.
Nalikatakata, nalilaza majini usiku kucha,
asubuhi sufuria ndani ya sufuria,
moto mdogo kuliko wa uji wa mgonjwa.
Majirani wanafunga madirisha.

Nikaipenyeza kwa uzi wa nyavu,
uzi ukienda na kurudi mle gizani
mpaka ukatokea upande wa pili, unang'aa.
Nikatoboa, nikaingiza kijiti cha mninga
chembamba kama njiti ya kiberiti.
Halafu tyubu ya baiskeli, nimeichana utepe:
vuta, zungusha, vuta,
ufa ukafumba mdomo
ukatema tone moja la rangi ya asali.
Siku tatu. Asiguse mtu.
Sijawahi kumsubiri binadamu hivyo.

Zikabaki chale.
Kumi na saba, upande wa kushoto,
zimekatwa kwa kisu butu na mkono usio na haraka.
Mwanafunzi wangu, Lutonja, alizihesabu kimoyomoyo,
midomo ikicheza,
na usiku ule akakataa kulala karakana.
Nyamizi alipopita nilimwuliza, msasa mkononi:
nizifute?

"Mama alisema ni marobota yaliyoibwa kwenye zamu zake.
Walimkata mshahara, robota kwa robota.
Shangazi alisema vingine."

"Shangazi alisemaje?"

Akatazama nje, kule mawe yanakobeba nyumba za watu.
"Shangazi alikuwa mwongo," akasema.
Kisha: "Lakini si siku zote."

Hakuniambia nizifute, hakuniambia niziache.
Nikapiga msasa shingo, tumbo, mgongo,
vumbi lenye harufu ya msitu nisioujua
likanijaa puani.
Nilipozifikia, mkono ulipunguza mwendo wenyewe
ukapita kando,
kama unavyopita mbele ya mtu anayesali.
Mafuta ya kitani, kipande cha fulana kuukuu.
Mti ukanywa, ukaomba tena, ukanywa.
Chale zilinywa kuliko kwingine.
Sasa zinaonekana zaidi ya mwanzo; hilo ni kosa langu.

Alikuja Jumamosi. Aliishika kwa mtutu, kitako chini,
kama mchi,
akagonga sakafu mara mbili, akasikiliza.
"Imeshika," alisema.
Akalipa, akadai risiti, akaifunga kanga.

Mezani pamebaki doa la mafuta, umbo la kitako.
Michango ya fundi cherehani ilikuwa imetimia.
Nikalivuta jeneza lake juu ya doa,
nikaanza kupigilia kifuniko.